Tu-stroki, fo-stroki, betri au tanga: mashine ipi ya boti Lamu, na sheria za moshi za nani?

Upepo wa kusi ukianza kulegea, mafundi wa mashine za boti hapa Amu, yaani Lamu mjini, huulizwa maswali yale yale. Mashine ya zamani ifunguliwe tena, ibadilishwe ringi na pistoni, au iuzwe? Ikiuzwa, mtu arudi kwenye tu-stroki aliyoizoea, ile ya petroli iliyochanganywa na oili, au ajikaze anunue fo-stroki, yenye oili yake mbali? Siku hizi pana na sauti ya tatu, ya mtu aliyetoka semina na begi jipya begani: hayo yote yamepitwa na wakati, nunua mashine ya betri, serikali inakuja na sheria za moshi na wewe utabaki na chuma chakavu.

Nitaziweka mashine hizo ubavu kwa ubavu, na dizeli ya ndani pia, na tanga. Ila msimamo wangu niuseme mapema. Moshi una madhara, hilo sibishani nalo. Ninachopinga ni kuziacha sheria za moshi zikuchagulie mashine, kwa sababu kila niliyoisoma iliandikwa na mtu aliyekuwa akitazama barabara yake au ziwa lake, halafu gharama ikaletwa kwa asiye na barabara wala ziwa.

Sheria zenyewe

Tuanze na za Kenya. Gari kuukuu haliingii nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hicho ndicho kiwango cha KS 1515, cha Kenya cha ukaguzi wa magari. Dizeli, tangu 2015, haitakiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo ina kanuni za ubora wa hewa za 2014. Kwa mtu wa Nairobi anayevuta moshi wa matatu asubuhi na jioni, haya yana maana. Amu mjini, ambako punda ndiye lori na vichochoro vingine havipishani punda wawili wenye mizigo, ni habari za mbali. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayomzuia mtu kwenda Mombasa akarudi na tu-stroki mpya ndani ya boksi lake.

Kinachotugusa kimefichwa ndani ya bei ya petroli. Kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Pampu haiulizi kama lita hiyo inakwenda kwenye Probox au kwenye boti. Chukua boti inayochoma lita 30 kwa siku: shilingi 750 kila siku zinakwenda kutengeneza barabara. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 18,750 kwa mwezi, zinazolipwa na nahodha ambaye barabara yake ni mkondo wa Mkanda, na mkondo huo ukipwa, hakuna greda litakalokuja kumpitishia boti yake.

Wapo wanaoitetea kodi hii kwa hoja ya mazingira, kwamba mafuta yakiwa ghali watu huchoma kidogo. Mtu wa Nairobi, sawa, ataacha gari nyumbani apande matatu. Mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, mwenye kesi Amu aache nini, apande nini? Halafu kuna bei zenyewe. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei za juu kila tarehe 14, mji kwa mji, na gharama ya kusafirisha mafuta imo ndani ya hesabu. Ukienda mbali na Mombasa, unalipa zaidi. Na hiyo ni bei ya penye pampu. Jerikeni likivuka hadi Faza au Kiwayu, muuzaji anaongeza nauli yake na faida yake, na hapo hakuna tangazo la mtu yeyote.

La kuudhi zaidi ni mpangilio wa mambo. Bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa serikali wa LAPSSET, ilipokuja, kuchimba mkondo kuliwaharibia wavuvi maeneo ya karibu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Aliyekuwa akivua karibu kwa tanga sasa anatakiwa atoke nje ya mwamba, na nje ya mwamba huendi na kasia. Kwa hiyo ukubwa wa mashine yake umeamuliwa na serikali, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayotuma watu wa semina kumwambia apunguze moshi. Wala si zamani sana NEMA ilipotoa leseni ya kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi, mpaka jopo la rufaa za mazingira likaifuta Juni 2019, baada ya Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, kuhangaika nayo miaka. Aliyekuwa tayari kututilia jivu la makaa kwenye samaki ana kazi ngumu kunishawishi kuhusu moshi wa mashine ya nguvu-farasi 15.

Sheria za ng'ambo ndizo zilizozibadilisha mashine zenyewe. Marekani ilipitisha kanuni za mashine za boti mwaka 1996, zikaanza kubana kuanzia modeli za 1998. Ziwa Tahoe, kule mpakani mwa California na Nevada, lilipiga marufuku tu-stroki za kabureta mwaka 1999. Ulaya ikafunga soko la tu-stroki mpya za aina hiyo kuanzia 2007. Walikuwa na sababu: Tahoe ni maji matamu, watu wanayanywa, na boti zenyewe nyingi ni za starehe. Mwenye boti ya starehe akiambiwa aongeze dola elfu moja, ananuna kisha analipa.

Lakini kanuni za Marekani zinaruhusu kiwanda kutengeneza mashine isiyotimiza masharti mradi iuzwe nje. Na Yamaha ya Japani nayo bado inatengeneza Enduro, tu-stroki ya kabureta, kwa ajili ya masoko kama letu. Kwao maji yamesafishika, kwetu mashine ile ile inaitwa "imara kwa mazingira ya Afrika". Silalamiki kwamba inaletwa, maana wengi wetu tunakula kwa hiyo. Nasema tu kwamba anayekuja kutuhubiria kuihusu angeanza kiwandani.

Tu-stroki na fo-stroki

Sasa weka siasa pembeni, fungua tanki.

Ndani ya tu-stroki ya kabureta kuna kitambo ambapo njia ya kuingiza petroli na njia ya kutoa moshi ziko wazi kwa pamoja. Petroli mbichi inapita moja kwa moja, inatoka bila kuwaka. Inaweza kufika robo ya mafuta uliyonunua. Ukitaka kuiona, simama gatini asubuhi maji yakiwa yametulia, boti ya tu-stroki ikiwashwa: ule utando wa rangirangi unaotanda nyuma yake juu ya maji ni petroli na oili yako, tozo ya barabara na VAT zikiwa zimeshalipwa.

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaosema fo-stroki ni mambo ya wazungu. Sheria ilikuwa ya wazungu, ndiyo, lakini mafuta yanayomwagika ni yako. Na tu-stroki humwaga zaidi ikienda polepole kuliko ikifunguliwa yote. Anayetembeza mishipi nyuma ya boti kwa saa nne, au anayenguruma gatini akingoja abiria wajae, ndiye anayepoteza sana. Anayefungua moto mpaka mwisho kutoka Mokowe hadi Amu na kuzima, tofauti yake ni ndogo.

Oili pia. Tu-stroki nyingi huchanganywa moja kwa hamsini, yaani jerikeni la lita 20 linakula mililita 400 za oili, kila jerikeni, maisha yote. Fo-stroki ina oili yake chini, unaibadilisha saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100 hivi. Ni rahisi kwa hesabu na ngumu kwa tabia. Tu-stroki inakulazimisha ukumbuke oili kila ukijaza mafuta. Fo-stroki inakuacha usahau miezi, kisha inakata siku moja tu. Fundi mmoja wa Langoni alimjibu mteja aliyekuwa akilalamika: "Ami, hii haifi kwa maradhi. Yafa kwa kunyimwa oili."

Upande wa uzito, tu-stroki inashinda wazi. Kwenye mashine za 15, tofauti ni kilo kumi na tano hivi. Kwenye boti ya faiba haikusumbui. Kwenye mashua nyembamba ya mbao, kilo hizo zikiwa zote tezi (nyuma), omo (mbele) inanyanyuka na maji yanaanza kuchungulia nyuma. Na kama mashine yako unaivua kila jioni kuilaza nyumbani, bega litakuambia tofauti bila mizani.

Matengenezo ndiyo jambo lenye uzito kuliko yote, na ndiyo yanayotofautisha Lamu na Malindi. Malindi iko kwenye lami. Boti zinazopeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari na zile za uvuvi wa wageni zinapata spea kutoka Mombasa siku hiyo hiyo, na mgeni aliyelipa hataki kukaa na moshi usoni. Mwenye boti pale akiniuliza, sifikirii mara mbili: fo-stroki. Lamu mjini bado inawezekana, maana mafundi wa fo-stroki wapo na basi la Mombasa lafika Mokowe kila siku. Ukisogea hadi Pate, Siyu, Kiwayu, hali inabadilika. Tu-stroki hufunguliwa ufukweni kwa spana na bisibisi, plagi husuguliwa kwa msasa, gasketi hukatwa kutoka kwenye karatasi ngumu, na jioni mtu amerudi baharini. Fo-stroki ina vali, ina pampu ya oili, baadhi zina mkanda wa ndani, na zile zisizo na kabureta zina kompyuta. Kompyuta ikigoma Kiwayu, ni safari ya kuvutwa.

Petroli ya jerikeni ina tatizo lake pia. Maji huingia, hasa msimu wa mvua na vifuniko visivyobana. Tu-stroki itakohoa, utamwaga bakuli la kabureta, utaendelea. Fo-stroki ya sindano, yaani isiyo na kabureta, haivumilii hivyo. Ukinunua, nunua na chujio la kutenga maji, ufunge kati ya tanki na mashine, na kama unaweza kuchagua, chukua ile ya kabureta.

Zote mbili zinataka kusafishwa kwa maji matamu ndani, la sivyo chumvi inaziba njia za kupozea. Maji ya Amu yanatoka visima vya mchanga wa Shela, na kuna wiki bomba halitoi kitu. Weka pipa la maji ya mvua la mashine peke yake. Familia itakusema, lakini mashine itadumu.

Hesabu basi. Bei za madukani hubadilika, kwa hiyo weka zako mahali pa hizi. Tuseme fo-stroki imezidi tu-stroki kwa laki moja na nusu, petroli ikifika kisiwani ni shilingi 190, na unaokoa lita tatu katika kila kumi. Boti ya lita 30 kwa siku inaokoa lita 9, shilingi 1,710. Tofauti ya bei imerudi kwa siku 88 za kazi, kama miezi mitatu na nusu. Mvuvi wa lita sita kwa siku anaokoa lita mbili hivi, shilingi 380, na atangoja siku 395 za kazi. Huyo wa pili, fo-stroki ikimharibikia mara moja tu mbali na fundi, hesabu yake imekufa.

Utaona kwamba katika hesabu hiyo sheria ya moshi haikuingia popote. Hata hivyo lita zimepungua. Kama serikali inataka kweli moshi upungue baharini, njia fupi ni kumwondolea mvuvi tozo ya barabara, au kumpa mkopo wa ile laki na nusu, na kufundisha mafundi wawili Faza. Haya si mageni, wavuvi wanayasema kila mkutano.

Dizeli ya ndani

Nitapita haraka. Kwa boti kubwa ya mbao ya abiria au mizigo, dizeli ndogo ya silinda moja ya kufunga ndani bado ni mfalme. Inakwenda polepole, inapiga kelele mpaka mtu wa omo na wa tezi wasisikizane, lakini inakunywa kidogo na fundi yeyote wa posho mili anaijua. Moshi wake ni mweusi, unauona, na ndiyo maana ndiyo husemwa kwanza. Kwa mzigo ule ule na safari ile ile, tu-stroki inachoma mafuta mengi kuliko hiyo, ila moshi wake ni wa buluu na hewa inaupoteza haraka. Kama kazi yako ni mchanga, saruji au boriti za mikoko, acha kuumiza kichwa.

Betri

Hapa niwe mkweli, maana napenda sana wazo hili. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Kwa hiyo mashine ya betri ikichajiwa hapa ni safi kweli, kuliko ikichajiwa nchi inayochoma makaa. Haina oili, haina plagi, haina moshi, na popo wa mikokoni hawashtuki.

Tatizo ni uzito wa nguvu. Mashine ya 15 ni kama kilowati 11. Kuiendesha yote kwa saa moja kwa betri za lithiamu unahitaji betri za kilo 80 hivi. Petroli ya saa hiyo ni lita tano au sita, kilo nne. Nje ya mwamba, mkondo ukikushika, na kusi ikigeuka, hakuna mtu atakayekuletea chaja.

Amu hadi Shela, lakini, ni safari fupi, ndani ya mkondo, mwendo wa taratibu, abiria hawana haraka na wageni wanapenda kimya. Kilowati tatu au nne zinatosha. Mtu mwenye boti ya njia hiyo tu, mwenye paa la kuweka sola, anaweza kuifikiria kwa dhati. Kwa bei za leo ningemshauri ashirikiane na mwenzake.

Angalia tu usihesabu misaada isiyokuhusu. Ushuru wa bidhaa uliopunguzwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10 ulikuwa wa magari ya umeme. Bei maalumu ya umeme wa kuchajia iliyotangazwa 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa zisizo na msongamano, ni ya mita maalumu. Mita yako ya nyumbani haiingii humo. Tena ni barabara, tena ni Nairobi.

Tanga

Hili watu wa semina hulisahau kabisa, na ndilo chombo kisicho na moshi ambacho Matondoni hawajaacha kukiunda. Silisemi kwa kuota ya zamani. Anayevua kwa nyavu ndani ya hori, au anayebeba boriti pasipo haraka, akiwa na tanga zima na mashine ndogo ya kuingilia gatini, anachoma mafuta kidogo kuliko mtu yeyote niliyemtaja hapa. Kaskazi ikikaa vizuri unashuka nayo, kusi unapanda nayo, na kubisha dhidi ya upepo ni kazi ya mikono na subira. Maleleji, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, ndipo utakapoiwasha mashine. Kwa mtu huyu tu-stroki ya 8 au ya 15, nyepesi, inayovuliwa na kuwekwa chini, inafaa kuliko fo-stroki, na usimruhusu mtu yeyote amwonee kwa moshi wa dakika kumi.

Ukishaamua

Mwenye boti ya faiba ya abiria, Mokowe na Amu au Mtangawanda, anayechoma lita 20 na zaidi kila siku: fo-stroki, bila kungoja sheria. Mvuvi wa nje ya mwamba mwenye kuishi Amu: fo-stroki pia, na chujio la maji. Wa Kiwayu au Siyu: bakia na tu-stroki mpaka uone fundi wa fo-stroki amehamia kwenu na spea zake.

Nunua wakati wa kusi kali, boti zikiwa zimelala na muuzaji akiwa na njaa ya mteja. Ukinunua fo-stroki iliyotumika, vuta kijiti cha oili kabla haijawashwa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ondoka hata bei ikiwa nzuri vipi. Ikiwashwa, tazama maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu au yanadondoka. Omba iendeshwe dakika 20, si mbili, maana nyingi huanza kulalamika zikipata moto.

Na ile tu-stroki yako ya zamani usiiuze kwa bei ya kutupa. Ifanyie ringi, ifunge kwenye turubai, uiweke ndani ya boti kama mashine ya akiba kila unapotoka nje ya mwamba. Ni nyepesi, inawaka kwa kamba, na siku fo-stroki itakapogoma karibu na Kiwayu, ndiyo itakayokurudisha.